Ugonjwa mmoja unatosha: mtoto mwenye misuli dhaifu asifungwe kwenye mkeka

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaobaki Kamina wakati baba yuko kazini Kolwezi, Fungurume ao Likasi, ukurasa huu wa usalama na afya unasema mara nyingi juu ya kofia, viatu, vumbi na mashini. Leo tunasema juu ya mtoto. Si mtoto mwenye malaria, maana huyo mnajua kumleta dispensari. Ni mtoto aliyeanza kutembea, akacheza na wenzake, kiisha mwaka baada ya mwaka miguu yake ikapungukiwa nguvu. Nyumbani watu wanasema: "Mwacheni akae, asichoke." Neno hilo linatoka katika upendo. Lakini linaweza kumnyang'anya mtoto siku za kutembea ambazo ugonjwa wenyewe ulikuwa haujamnyang'anya.

Ndiyo sababu tunawaomba msome ukurasa huu mpaka mwisho, na yule asiyejua kusoma asomewe.

UGONJWA WENYEWE NI GANI?

Kuna magonjwa mengi yanayodhoofisha misuli ya watoto. Unaojulikana zaidi unaitwa Duchenne, kwa jina la munganga Mfaransa, Guillaume Duchenne, aliyeueleza katika miaka ya 1860. Unashika karibu wavulana peke yao, mmoja hivi kati ya wavulana 5000 wanaozaliwa, katika nchi zote na makabila yote.

Katika mwaka 1987 wachunguzi wa Marekani waligundua kitu kinachokosekana katika misuli ya watoto hao. Ni protini inayoitwa distrofini. Kazi yake ni kushikilia ngozi nyembamba ya kila uzi wa msuli, ili isipasuke wakati msuli unapojikaza. Mtoto wa Duchenne hana distrofini, ao anayo kidogo sana. Kwa hiyo nyuzi zinapasuka kidogo kidogo kila siku. Mwili unazitengeneza, lakini unafika wakati unashindwa, na mahali pa nyama panaingia mafuta na makovu.

Kasoro hii ni ya urithi. Mama anaweza kuibeba bila kuugua na bila kujua, akaipitisha kwa mwana wake. Na kwa karibu theluthi moja ya watoto hao, kasoro imeanza kwa mtoto mwenyewe, haikutoka kwa mzazi yeyote. Basi, baba, usitafute mlozi katika ukoo wa bibi yako, wala usimrudishe kwao. Hakuna aliyekosa. Hakuna chakula kilicholeta ugonjwa huu, wala laana, wala jicho la jirani. Na hauambukizi: watoto wengine wacheze naye, wale naye sahani moja.

NAMNA YA KUUTAMBUA

Angalieni mambo haya kwa mtoto wa miaka 2 mpaka 6:

Amechelewa kutembea, labda mpaka amepita miezi 18. Anaanguka mara nyingi kuliko wenzake. Hawezi kukimbia vizuri wala kuruka. Anapanda ngazi kwa shida. Anatembea kwa vidole vya miguu, tumbo mbele. Nyama za nyuma ya miguu, chini ya goti, ni nene na ngumu, hata watu wanamsifu kwamba ana miguu ya mchezaji wa mpira. Na alama kubwa ni hii: akiwa ameketi chini, hawezi kusimama kwa mara moja. Anageuka, anashika ardhi kwa mikono, kiisha anapandisha mikono juu ya mapaja yake mwenyewe kama mtu anayepanda mti.

Ukiona alama hizo, usingoje. Kuna kipimo cha damu kinachoitwa kreatini kinazi, ambacho kwa ugonjwa huu kinapanda juu sana.

Watu wengi hapa wanasema mara moja: "Ni polio." Tunawaelewa, maana katika mwaka 2017 mlipuko wa polio ulitangazwa katika jimbo letu la Haut-Lomami. Lakini tofauti ni kubwa. Polio inakuja ghafula, kwa siku chache, mara nyingi pamoja na homa, na mguu unalegea. Duchenne inakuja polepole, kwa miezi na miaka, bila homa, na kwa miguu yote miwili. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu ao mkono wake umelegea ghafula apelekwe kwa waganga siku ileile.

KUKAA KUNALETA UGONJWA WA PILI

Mmekwisha kuona mwenzenu wa kazi aliyevunjika mguu, akafungwa plasta kwa wiki 6. Siku inapofunguliwa, mguu umekonda na goti limekakamaa. Mtu aliyekuwa anainua vyuma sasa anatembea na fimbo. Mguu ule haukuwa na ugonjwa wa misuli. Ulikuwa umepumzika tu. Kwa mazoezi, mwenzenu anapata tena nguvu zake na kurudi kazini. Mtoto wa Duchenne hana akiba hiyo. Nguvu anazopoteza kwa kukaa, mara nyingi hazipati tena zote.

Kwa hiyo mtoto anayekalishwa siku nzima kwenye mkeka ana magonjwa mawili. La kwanza amezaliwa nalo, na mpaka leo hatuwezi kuling'oa. La pili linatengenezwa nyumbani, na nyumbani ndipo linapoweza kuzuiwa. Angalieni kazi ya ugonjwa huo wa pili:

Misuli. Msuli usiotumika unakonda hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa mtoto huyu, kukonda kwa kukaa kunaongezwa juu ya kupasuka kwa nyuzi.

Viungo. Mguu unaokunjwa muda mrefu unajifunza kukaa umekunjwa. Mshipa wa kisigino unakuwa mfupi, kisigino hakigusi tena chini. Kiisha magoti na nyonga zinakakamaa. Kuna watoto ambao bado wangekuwa na nguvu ya kusimama, lakini miguu haiwezi tena kunyooka chini yao.

Mifupa. Mfupa unakuwa imara kwa kubeba uzito. Mtoto asiyesimama anakuwa na mifupa mepesi, na kuanguka kidogo tu kunaivunja.

Uzito. Mtoto anayekaa anahurumiwa kwa chakula: bukari, mandazi, sukari. Mwili unanenepa wakati nguvu zinapungua. Ni kama kuongeza mzigo kwenye gari ambalo mota yake imechoka.

Mapafu na tumbo. Kukaa umeinama kunabana kifua, kikohozi hakitoki vizuri. Choo kinakuwa kigumu.

Moyo wa mtoto. Anayefichwa ndani ya nyumba anaacha masomo, anakosa marafiki, anaanza kuamini kwamba yeye ni mzigo. Kumbukeni kwamba mikono inabaki na nguvu kwa muda mrefu kuliko miguu. Mtoto huyu anaweza kusoma, kuandika na kesho kupata kazi ya akili.

KUNA USHUHUDA

Huko Uholanzi, katika mwaka 2013, waganga walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa na wavulana 30 wenye Duchenne. Kundi moja liliendelea na matunzo ya kawaida. Kundi la pili lilipewa baiskeli ya pekee, yenye mota ya kusaidia, wakaikanyaga kwa miguu na kuizungusha kwa mikono, dakika chache kila mara, kwa wiki 24. Mwishoni, kundi lisilo na baiskeli lilikuwa limeshuka katika mambo lililoweza kufanya. Kundi la baiskeli lilibaki karibu pale lilipokuwa.

Wavulana hao walikuwa wachache na wiki 24 si muda mrefu, kwa hiyo hatusemi kwamba baiskeli inaponya Duchenne. Tunasema hivi: kazi nyepesi, ya kila mara, yenye msaada, haikuwadhuru watoto hao. Iliwasaidia kubaki na uwezo waliokuwa nao.

LAKINI KAZI NZITO INADHURU

Msiseme sasa: "Basi tumkimbize mpaka apate nguvu." Hapana. Uzi usio na distrofini unapasuka zaidi wakati msuli unapokazwa kwa nguvu huku unavutwa. Hiyo ndiyo kazi ya kushuka mlima, kushuka ngazi nyingi, kuruka na kuinua vitu vizito. Kwa hiyo mtoto huyu asibebe bidoni la maji, asilazimishwe kukimbia, asipewe jembe siku ya salongo shuleni.

Kipimo cha kujua kama amepita mpaka ni rahisi. Mwangalie siku inayofuata. Akiamka bila maumivu na anatembea kama jana, kazi ya jana ilikuwa sawa. Akiamka na maumivu ya misuli, ao amechoka kuliko kawaida, ilizidi, leo punguza. Na mkojo wake ukiwa mweusi kama chai kavu, mlete dispensari mara moja.

SIKU YA MTOTO NYUMBANI

Asubuhi. Wakati wa kipwa, mwezi wa 6 na wa 7, Kamina kuna baridi, na misuli ya baridi ni migumu. Mtoto avae kwanza soksi, ajipashe moto kidogo. Kiisha mlaze chali. Shika kisigino kwa kiganja chako, goti likiwa limenyooka, na usukume wayo polepole kuelekea kwake mpaka unasikia unakaza. Hesabu mpaka 20 ao 30, uachilie, urudie mara kadhaa, kila mguu. Usivute kwa ghafula, wala usimlize. Afadhali kila siku. Isipungue siku 4 kwa wiki. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe mara ya kwanza.

Njia ya shule. Ikiwa ni mbali, mpeleke kwa baiskeli, ao kinga kama tunavyosema huku, umshushe kabla ya kufika, atembee kipande cha mwisho mahali pa sawa. Anafika na nguvu za kusoma, na miguu imefanya kazi. Mwalimu amweke karibu na mlango, asimwache peke yake darasani wakati wa mapumziko.

Mchana. Mpe kazi za nyumba zinazofanywa kwa kusimama mbele ya meza: kuchagua maharagwe, kuchambua sombe, kupanga sahani. Dakika chache za kusimama, kiisha apumzike, kiisha tena. Mpira achezwe kwa kupasiana karibu, bila kukimbizana. Kuogelea ni mazoezi mazuri kuliko yote, maana maji yanabeba mwili, lakini iwe mahali salama na mtu mzima yuko ndani ya maji pamoja naye. Mito yetu ina mamba na mikondo, huko hapana.

Jioni. Alale kwa tumbo nusu saa hivi, akisoma ao akisikiliza redio. Namna hiyo nyonga na magoti vinanyooka.

Akikaa, akae vizuri. Kiti kigumu chenye mgongo, nyayo zote mbili zimekanyaga chini ao kwenye ubao, mwili usiegemee upande mmoja. Kukaa upande mmoja kila siku ndiyo njia ya kupinda uti wa mgongo.

SIKU TATU ZA HATARI

Ya kwanza ni siku ya homa. Malaria inamlaza mtoto, na homa ikiisha familia inasema: "Apumzike wiki nzima." Wiki moja ya kitanda ni ndefu kwake. Homa ikishuka na akiweza, asimame siku ileile, hata kwa kushikwa, na mnyooshe miguu yake angali kitandani.

Ya pili ni siku ya kuvunjika. Mwambieni munganga mara moja kwamba mtoto ana ugonjwa wa misuli, ili apange matunzo yatakayomsimamisha mapema kadiri inavyowezekana. Kuna watoto waliokuwa wakitembea ambao hawakutembea tena baada ya kulazwa muda mrefu kwa mfupa mmoja. Na kama atapasuliwa, mtaja ugonjwa kabla ya dawa ya usingizi: suksametoniamu na hewa fulani za usingizi ni hatari sana kwa watoto hawa, na munganga anapaswa kuchagua njia nyingine.

Ya tatu ni siku ya safari. Mnajua treni yetu kutoka Kamina mpaka Lubumbashi: mnajua saa ya kupanda, hamjui saa ya kufika. Katika kila kituo, asimame, anyooshwe miguu, apewe maji. Asifike Lubumbashi akiwa amekunjwa kama mzigo.

BABA, NAMNA YA KUMWINUA

Kazini umefundishwa: piga magoti, mgongo wima, mzigo karibu na mwili. Tumia kanuni hiyohiyo nyumbani. Usimvute mtoto kwa mikono, wala usimwinue kwa kumshika makwapani. Mabega yake ni dhaifu, atakuponyoka ao utamwumiza. Mkono mmoja upite nyuma ya mgongo wake, mwingine chini ya mapaja. Wakati wa likizo, fanya wewe mwenyewe mazoezi ya asubuhi. Mama anayefanya peke yake mwaka mzima anachoka, na ukimsaidia utajua hali ya mwana wako kwa mikono yako, si kwa simu tu.

MIGUU IKIKATAA

Tuseme kweli. Bila dawa, wengi wa watoto hawa wanaacha kutembea kabla ya miaka 13. Dawa za aina ya kortikoidi, kama prednisone, zinaweza kurefusha muda huo, lakini zinaongeza hamu ya kula na kupunguza nguvu ya mifupa. Ni munganga anayeziandika na kuzifuata. Msizinunue sokoni, na mtoto aliyezizoea asiachishwe ghafula.

Siku ya kiti cha magurudumu ikifika, si siku ya kuacha kila kitu. Kiti kinampeleka shule, kanisani, sokoni. Mikono iendelee kufanya kazi, viungo viendelee kunyooshwa, kifua kiendelee kupumua kwa nguvu: kuimba na kupuliza ni mazoezi. Moyo nao ni msuli. Upimwe kila mwaka tangu ugonjwa unapojulikana, hata kama mtoto halalamiki. Zamani wengi walikufa kabla ya kufikia miaka 20. Leo, mahali penye matunzo mazuri ya moyo na mashini za kusaidia kupumua, wengi wanafika miaka 30 na kupita.

WAPI KWENDA?

Anzeni dispensari ya kompanyi ao kituo cha afya kilicho karibu, kiisha hopitali kubwa ya Kamina. Kwa Lubumbashi kuna hopitali ya Chuo Kikuu, na hopitali inayoitwa Jason Sendwe, kwa jina la mwana wa sehemu zetu za Kabongo, ambaye kabla ya siasa alikuwa msaidizi wa munganga. Chukueni karatasi zote za mtoto, na muandike tarehe: lini alianza kutembea, lini alianza kuanguka, lini alishindwa ngazi. Tarehe hizo zinamsaidia munganga sana.

KATA SEHEMU HII, UIBANDIKE UKUTANI

1. Kupumzika, ndiyo, kukalishwa siku nzima, hapana.
2. Kunyoosha visigino kila asubuhi.
3. Kusimama kidogo, mara nyingi kwa siku.
4. Hakuna mizigo, hakuna kuruka, hakuna kushuka milima.
5. Maumivu ya kesho yanasema jana ilizidi. Mkojo mweusi: dispensari mara moja.
6. Baada ya homa ao mfupa kuvunjika, kuinuka mapema.
7. Shule kila siku, pamoja na wengine.

Kazini tunasema ajali nyingi zinaweza kuzuiwa. Ugonjwa aliozaliwa nao mtoto huyu hatukuweza kuuzuia. Ule wa mkeka tunaweza. Kesho asubuhi, kabla ya chai, mwanzeni.